Tafakari Zilizopigwa Chapa: Asili ya Maandishi ya Wachungaji katika Kiswahili

Desturi ya mchungaji kuandika tafakari fupi ya kila juma, inayofungamanisha somo la Biblia na mambo ya nyumbani, shambani na sokoni, ina umri mkubwa katika Kiswahili kuliko wengi wanavyodhani. Asili yake imo katika mtambo wa kupigia chapa ulioletwa Unguja na Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, chama cha Waanglikana kilichozaliwa kutokana na wito wa David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857, ambacho baada ya kushindwa na maradhi na vita katika nyanda za mto Shire kilihamia kisiwani mwaka 1864 chini ya Askofu William Tozer. Sultani Majid alimkabidhi askofu huyo watoto wa kiume watano waliookolewa kutoka katika jahazi la watumwa, na kutokana na hao, pamoja na mamia waliofuata, ikapatikana jamii ya Wakristo ambao walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo kwa asili, hawakuwa na ukoo wa kuwaunganisha, na lugha yao ya shule, ya sala na ya maongezi ikawa Kiswahili.

Edward Steere, aliyefika pamoja na Tozer na kuwa askofu mwaka 1874, aliujua ufundi wa kupiga chapa kwa mikono yake mwenyewe, na kazi hiyo ikafundishwa kwa vijana waliokombolewa, wakawa wapangaji wa herufi na wasomaji wa kwanza wa walichokipanga. Kanisa kuu lililojengwa Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, ndilo linalokumbukwa zaidi katika habari za Steere, lakini kwa historia ya maandishi mtambo ule una uzito uliozidi wa kanisa lenyewe. Ulitoa sala, masomo na hadithi kwa lugha ambayo maandishi yake ya awali yalikuwa yameandikwa kwa hati za Kiarabu, na Agano Jipya zima kwa Kiswahili likatoka mwaka 1883, mwaka mmoja baada ya Steere kufariki.

Mwaka 1888, katika chuo cha Kiungani kilichokuwa nje kidogo ya mji wa Unguja, ambako misheni ilikuwa ikiwafunza walimu na makasisi wa baadaye, lilianzishwa gazeti dogo lililoitwa Msimulizi. Linahesabiwa miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili, na upekee wake ni kwamba sehemu kubwa ya waandishi wake walikuwa Waafrika, walimu waliotoka chuoni hapo wakapelekwa Magila, Masasi, Newala na kwenye Ziwa Nyasa, ambao walituma barua za kuwaeleza wenzao hali ya vituo vyao. Katika barua hizo habari za ubatizo zilikaa jirani na za safari, magonjwa, harusi na misiba, bila mwandishi kuona haja ya kutenganisha mambo ya kanisa na mambo ya dunia, na hapo ndipo ulipoanza mtindo ambao wachungaji wa baadaye waliurithi. Hati za namna hiyo zina thamani kuliko ripoti nyingi za wamisionari zilizopelekwa Uingereza, kwa sababu mwalimu aliyekuwa akimwandikia mwalimu mwenzake hakuwa akiomba fedha za wafadhili.

Muungano huo wa imani na maisha haukuwa pambo la uandishi, kwa kuwa ulitokana na hali halisi ya kazi. Cecil Majaliwa, mtoto wa Kiyao aliyekombolewa utumwani na kulelewa na misheni, alipopewa ukasisi mwaka 1890, akiwa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo, alikuwa akitumika Chitangali katika nchi ya kusini, mahali ambapo kila Mkristo mpya alikuja na maswali kuhusu mahari, wake wengi, uganga na jando, yaani mafunzo na tohara ya kuwaingiza wavulana katika utu uzima. Suala la jando lilidumu miaka mingi, hata Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia mwaka 1926, akajulikana kwa kuyapa mafunzo hayo sura ya Kikristo badala ya kuyapiga marufuku, uamuzi wa busara ambao usingewezekana bila makasisi na walimu wenyeji walioijua mila hiyo kwa ndani.

Madhehebu mengine yalifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1910, wakati wa utawala wa Wajerumani, Walutheri walianza kutoa Pwani na Bara na Wakatoliki wakatoa Rafiki Yangu, lakini Vita Kuu ya Kwanza ilinyamazisha mitambo hiyo, na sharika zikabaki mikononi mwa walimu wenyeji, ambao waliendelea kuhubiri bila gazeti na mara nyingi bila mshahara.

Miongo kadhaa baadaye redio ilichukua nafasi kubwa. Kituo cha Radio Voice of the Gospel, kilichofunguliwa na Walutheri huko Addis Ababa mwaka 1963, kilirusha pia vipindi vya Kiswahili, na kanuni yake ilikuwa kutenga takriban asilimia 30 ya muda kwa mahubiri na asilimia 70 kwa habari, elimu na utamaduni, mgawanyo ambao waandishi wa Msimulizi wangeutambua mara moja. Serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitwaa kituo hicho mwaka 1977.

Nathari ya Kiswahili, yaani maandishi yasiyo ya ushairi, imezoea kuhesabiwa kuanzia kwa Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, au kuanzia kitabu Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela cha mwaka 1934. Hesabu hiyo ina upungufu, kwa kuwa walimu wa Kiungani walikuwa wakiandika nathari nyepesi na sahihi kuhusu maisha yao wenyewe tangu mwaka 1888, na wanaoandaa mitaala ya fasihi wanapaswa kuwapa nafasi yao.