Kwaya ya Mikono Myeupe
Kwaya ya Mikono Myeupe, kwa Kihispania Coro de Manos Blancas, ilizaliwa Barquisimeto, Venezuela, ndani ya El Sistema, mpango wa elimu ya muziki ulioasisiwa na José Antonio Abreu mwaka 1975. Ina makundi mawili. La kwanza huimba kwa sauti; humo wamo wasioona na wenye usonji. La pili, ambalo wengi wake ni viziwi, huvaa glavu nyeupe na kuuimba wimbo uleule kwa mikono: viganja hupanda, hufunguka na kutetema kwa kufuata maneno na mapigo. Ishara hizo si ukalimani wa pembeni. Ni muziki kamili, na hapo ndipo ulipo ubora wa kwaya hii. Mwaka 2013 ilishiriki Tamasha la Salzburg, Austria.