Kiwango cha maji ya mto: ni nani amehesabiwa?

Mara nyingi mtu wa serikali au wa kampuni husema juu ya mto wetu: «Maji yamepimwa, yako ndani ya kiwango.» Baada ya neno hilo mazungumzo huisha, maana nani atabishana na maabara? Lakini kiwango hakishuki kutoka mbinguni. Watu wamekaa mezani wakakiandika, na watu wanaweza kukirudia. Makala hii inaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, kwa mfano wa Marekani, ambako makabila ya wavuvi yalilifanya jimbo zima liandike kiwango chake upya.

Sehemu tatu za kiwango

Mwaka 1965 sheria ya Marekani iliagiza majimbo yaweke viwango vya ubora wa maji. Mwaka 1972, miaka mitatu baada ya mafuta na takataka kuwaka moto juu ya mto Cuyahoga katika mji wa Cleveland, ikatoka sheria kali zaidi, ambayo inatumika hata leo. Kufuatana na sheria hiyo, kiwango cha mto kina sehemu tatu.

Ya kwanza ni matumizi: mto huu ni wa nini? Kunywa, kuvua, kuoga, kumwagilia mashamba, au kupitisha mashua? Ya pili ni vipimo: ili matumizi hayo yawezekane, kila sumu isizidi kiasi gani, na uchafu wa choo usizidi kiasi gani? Ya tatu ni ulinzi: maji ambayo bado ni mazuri yasiachwe yaharibike, hata kama bado hayajafikia mpaka wa ubaya.

Sehemu ya kwanza ndiyo inayotawala nyingine. Mto ukiandikwa kuwa ni wa mashua tu, vipimo vyake vitalegea, na kiwanda kitamwaga mengi bila kuvunja sheria. Kwa sababu hiyo sheria inakataza kufuta matumizi ambayo mto umekwisha kuyafikia tangu tarehe 28 Novemba 1975.

Kila miaka mitatu

Kila jimbo linapaswa kuviangalia viwango vyake upya angalau mara moja kila miaka 3, na kuwasikiliza wananchi katika mkutano wa wazi. Jimbo likibadilisha kitu, hupeleka mabadiliko kwa Shirika la Ulinzi wa Mazingira la taifa (EPA). Shirika hilo lina siku 60 za kukubali, au siku 90 za kukataa na kueleza sababu. Jimbo lisiporekebisha, EPA yenyewe huandika kiwango mahali pake.

Kwa nini kurudia? Kwa sababu elimu juu ya sumu inaongezeka, na kwa sababu mara nyingine hesabu ya kwanza ilimsahau mtu.

Gramu 6.5 za samaki

Mkisoma hesabu ya sumu inayompata mlaji wa samaki, mtakuta ndani yake mtu wa kufikiriwa. Kwa miaka mingi EPA ilimhesabu kuwa na uzito wa kilo 70, anakunywa lita 2 za maji kwa siku, na anakula gramu 6.5 za samaki kwa siku. Hizo ni kama mlo mmoja wa samaki kwa mwezi. Kadiri mtu huyo anavyokula samaki kidogo, ndivyo sumu nyingi zaidi inavyoruhusiwa kubaki mtoni, kwa sababu kwa hesabu hiyo haitamfikia.

Kando ya mto Columbia, upande wa magharibi wa Marekani, wanaishi makabila ya Yakama, Umatilla, Warm Springs na Nez Perce. Mikataba ya mwaka 1855 iliwahifadhia haki ya kuvua. Mwaka 1994 tume yao ya uvuvi ilitoa uchunguzi juu ya chakula chao: kwa wastani mtu mzima alikula karibu gramu 59 za samaki kwa siku, na wengine walizidi sana. Basi yule mtu wa kwenye karatasi hakufanana nao hata kidogo. Haki ya kuvua walikuwa nayo, lakini kiwango kiliandikwa kana kwamba hawali walichovua.

Mwaka 2004 jimbo la Oregon lilipandisha hesabu hadi gramu 17.5. Mwaka 2010 EPA ilikataa, kwa kuwa kiasi hicho hakikuwalinda walaji wengi wa samaki. Mwaka 2011, baada ya mazungumzo ambamo makabila yalishiriki, Oregon iliandika gramu 175 kwa siku, karibu milo 23 kwa mwezi. Wenye viwanda na miji waliogopa gharama, na sheria mpya ikaweka njia ya kupewa muda kwa wale wasioweza kufikia kiwango mara moja. Lakini kiwango chenyewe hakikulegezwa. Kwa zebaki iliyomo ndani ya nyama ya samaki, pendekezo la taifa lilikuwa miligramu 0.3 kwa kilo. Oregon ikaandika 0.040.

Na kwetu?

Congo ina sheria ya maji, namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015. Tena tunajua maisha yetu: kuna familia zinazokula sambaza wa Kivu au ndagala wa Tanganyika karibu kila siku, na kuna mito ambamo wachimbaji huosha zahabu kwa zebaki. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi zebaki, wala kumpika samaki hakuitoi katika nyama yake. Kwa hiyo hesabu ya «mlaji wa samaki» inatuhusu sana.

Siku mkiambiwa kwamba maji yako ndani ya kiwango, ulizeni kwa heshima maswali haya:

1. Ni kiwango cha matumizi gani: kunywa, kuvua, au kumwagilia?
2. Mlaji wa samaki amehesabiwa kula kiasi gani kwa siku? Watoto na wamama wenye mimba wamehesabiwa?
3. Maji yalichotwa wapi, juu ya machimbo au chini yake? Wakati wa mvua au wa kiangazi?
4. Samaki nao walipimwa, au maji peke yake?
5. Kiwango hiki kitaangaliwa upya lini, na wananchi watasikilizwa wapi?

Tena msingoje mkutano ndipo mtafute majibu. Uchunguzi wa mwaka 1994 ulianza kwa kuwauliza watu wanakula nini na mara ngapi. Hata kamati ya kijiji yenye daftari na kalamu inaweza kuandika, kwa mwezi mzima, ni nyumba ngapi zinachota mtoni, zinakula samaki siku ngapi, na watoto wanaogea wapi. Siku ya kuandika au kurudia kiwango, daftari hilo litakuwa mezani pamoja na karatasi za maabara.