Benyamini: asili na maana ya jina

Benyamini ni jina la kiume lenye asili ya Kiebrania. Wengine huliandika Benjamini au Benjamin, na nyumbani hufupishwa kuwa Ben au Benja. Maana yake inayojulikana zaidi ni "mwana wa mkono wa kuume".

Mtu anayejua Kiswahili halioni jina hili kuwa geni sana. Sehemu ya kwanza, "ben", ni mwana. Inafanana na "bin" ya Kiarabu, ambayo sisi pia tunaitumia tunapotaja mtu na baba yake. Sehemu ya pili, "yamin", ni mkono wa kuume. Kiswahili nacho kina neno "yamini", lililotoka Kiarabu, lenye maana ya mkono wa kuume na pia kiapo. Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja, ndiyo maana maneno hayo yanakaribiana.

"Yamin" ilimaanisha pia kusini. Waebrania wa kale walitaja pande za dunia wakiwa wameelekea mashariki, hivyo kusini ikawa upande wa kuume. Kwa sababu hiyo, wako wanaolifasiri jina hili kuwa "mwana wa kusini".

Jina la kwanza lilikuwa jingine

Habari za jina hili zimo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 35. Raheli, mke wa Yakobo, alishikwa na uchungu wakiwa safarini, karibu na Efrata, yaani Bethlehemu. Alijifungua mtoto wa kiume, lakini yeye mwenyewe akafa. Kabla ya kukata roho alimwita mtoto Benoni, maana yake "mwana wa uchungu wangu". Yakobo hakuliacha jina hilo. Alimwita mtoto Benyamini.

Kwa Waebrania, mkono wa kuume ulikuwa upande wa nguvu na heshima. Mtoto aliyekuwa akumbushwe kifo cha mama yake kila anapoitwa, akapewa jina la baraka. Hata hivyo, neno la mama halikufutwa: majina yote mawili yameandikwa.

Waliobeba jina hili

Kabila la Benyamini ndilo alikotoka Sauli, mfalme wa kwanza wa Israeli, na pia mtume Paulo. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba kabila hili la "mkono wa kuume" lilisifika kwa watu wa mashoto. Mwamuzi Ehudi alikuwa shoto, na kitabu cha Waamuzi kinataja wapiga kombeo 700 wa kabila hilo waliotumia mkono wa kushoto.

Waislamu humjua kama Binyamini, ndugu wa Nabii Yusuf. Kisa chake kimo katika Sura Yusuf, ingawa Kurani haimtaji kwa jina. Nchini Tanzania, jina hili lilibebwa na Benjamin William Mkapa, Rais wa awamu ya tatu, kuanzia 1995 hadi 2005.

Majina ya msiba kwetu

Desturi aliyoifuata Raheli haiko mbali nasi. Wapo kina Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko na Majuto, waliopewa majina kutokana na hali iliyokuwapo walipozaliwa. Wengi wao wanayapenda, kwa kuwa yanahifadhi historia ya familia. Wengine huulizwa kila wanapojitambulisha, na huchoka kueleza msiba ambao hawakuusababisha.

Kama mtoto amezaliwa nyumbani kwenu wakati wa kilio, kisa cha Benyamini kinaonyesha kwamba mambo mawili yanawezekana pamoja. Familia inaweza kuhifadhi habari za siku ile na kumsimulia mtoto akikua, huku jina la kumwita kila siku likimtakia heri.