Pamba, Maji na Hekima: Hukumu ya Rufiji, 1905

Mkristo anayeomba hekima kwa Mungu kwa kawaida humkumbuka Sulemani, aliyeacha mali, maisha marefu na roho za adui zake, akaomba moyo wa kuamua mambo kwa haki. Wachache huikumbuka Rufiji, ingawa ni hapo, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ombi hilo lilipopimwa kwa ukali usio wa kawaida. Mwaka 1904, huko Ngarambe, kusini mwa mto Rufiji, Kinjikitile Ngwale alisemekana kupandwa na pepo Hongo, akazama bwawani na kuibuka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu. Watu wakamiminika kwake kutafuta neno na kinga. Walipewa maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na punje za mtama. Wengine walinyunyiziwa, wengine wakayanywa, wote wakiahidiwa kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Mwishoni mwa Julai 1905 pamba iling'olewa Nandete, Umatumbi, na Vita vya Majimaji vikaanza. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Siku kumi baadaye Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne, mabruda na masista, waliuawa njiani kuelekea bara.

Ni rahisi kuisoma habari hii kama shindano la imani na ushirikina, kisha kumpa ushindi aliyekuwa na bunduki. Lakini Ukristo wenyewe una kipimo kikali zaidi, nacho kimo katika Waraka wa Yakobo. Waraka huo mfupi unamwambia aliyepungukiwa na hekima amwombe Mungu. Unaeleza kwamba hekima itokayo juu hujulikana kwa amani, upole na rehema. Kisha, kabla haujafika mwisho, unawakemea matajiri wanaozuia ujira wa wavunaji. Hayo matatu hayatengani. Anayeomba hekima huku akimnyima mvunaji haki yake amejijibu mwenyewe kabla Mungu hajamjibu.

Sasa tutazame mashamba. Kuanzia 1902 serikali ya Kijerumani ya Gavana Götzen iliwalazimisha watu wa pwani ya kusini kulima pamba katika mashamba ya pamoja, chini ya maakida na majumbe, viboko vikiwa karibu, huku mashamba yao ya chakula yakisubiri palizi. Katika wilaya ya Dar es Salaam inatajwa kwamba kazi ya mwaka mzima iliwapatia walimaji senti 35 kila mmoja, na wapo waliokataa kuzipokea. Dola lililojiita la Kikristo lilishindwa mtihani wa Yakobo katika safu za pamba, kabla tone lolote la maji halijanyunyizwa Ngarambe.

Atakayepinga atasema wamisionari hawakuwa maakida, na waliouawa pamoja na Spiss hawakumchapa mtu kiboko. Ni kweli, na damu yao haihalalishwi na dhuluma ya wengine. Lakini Wabenediktini, shirika la Spiss, walifika Pugu mwaka 1888, koloni likiwa ndiyo kwanza linajengwa, na kivuli cha serikali hiyo kilikuwa pia kivuli chao. Mlimaji hakuwa na sababu ya kuitenganisha misalaba na bendera. Mwingine atasema tunawahukumu wafu kwa kipimo cha leo. Hapana: kipimo ni chao wenyewe, kilikuwa kimesomwa makanisani kwa karne nyingi, na Biblia ilikuwa imekwisha chapishwa kwa Kiswahili kabla ya vita kuanza.

Pingamizi gumu ni la upande wa pili: je, basi hekima ilikuwa Ngarambe? Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969, alionyesha umoja uliozaliwa na maji yale, umoja wa makabila ambayo hayakuwahi kushikana. Tunda hilo ni jema na lazima likubaliwe. Hata hivyo ahadi ya risasi haikuwa kweli, na walioiamini walilipa. Wajerumani nao walijibu kwa kuchoma mashamba na maghala, njaa ikamaliza kazi ya bunduki. Hesabu ya Wajerumani ilitaja vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Pande zote mbili ziliomba nguvu juu ya adui, jambo ambalo Sulemani alisifiwa kwa kutoliomba.

Delta ya Rufiji na Kibiti zimebaki nchi ya Waislamu wengi, na hilo halipunguzi hoja, kwa sababu Yakobo hakuifanya hekima kuwa suala la wingi wa waumini. Hospitali ya misheni ya Mchukwi, inayotibu wenyeji wa Kibiti, iko karibu zaidi na kipimo chake kuliko ushindi wowote wa Wajerumani wa 1907. Mkristo wa Rufiji anayeomba hekima leo ana pa kuanzia: aangalie nani amemlimia, amemvunia au amemkatia mpunga, na kama amelipwa. Asipoweza kujibu hilo, asiulize kwa nini sala yake ya hekima haijibiwi.