Ndiva na Barua za Usiku

Katika milima ya Upare, ambamo Suji imo, wazee walijenga ndiva, yaani bwawa dogo lijazwalo maji ya mfereji usiku, ili asubuhi yafunguliwe kwa zamu kwenda mashambani. Kijito hafifu kikiwekewa utaratibu hutosha.

Hekima ya namna hiyo ilitumika Marekani mwaka 1984, Tom Jennings alipoanzisha FidoNet, mtandao wa mbao za matangazo za kompyuta. Barua zilikusanywa mchana, zikapelekwa usiku, saa ambazo simu ilikuwa rahisi. Aliyekesha hakuwa mtu, bali faili la amri lililoandikwa na mwenye ubao. Programu ya simu ilipomaliza kazi ilitoa nambari. Faili likaisoma, likaamua barua zifunguliwe au zifungashwe, kisha likarudi kungoja. Amri moja ikikosewa, barua zote zililala.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 barua za jinsi hii zilipita kati ya London, Nairobi na Kampala, ambako simu za ng'ambo zilikuwa ghali. Intaneti ilipoenea, mbao hizo zilisahauliwa. Hata hivyo zilionyesha jambo ambalo Wapare walikwisha kulijua: penye uhaba, zamu hushinda wingi.