Ziwa lililotangazwa kufa

Mwanajiolojia J. W. Gregory, ambaye mwaka 1893 alipita Baringo na Mlima Kenya akilichunguza Bonde la Ufa, aliandika pia kuhusu nchi ya mbali zaidi. Mwaka 1906 alitoa kitabu kuhusu safari yake ya ngamia hadi pembezoni mwa Ziwa Eyre, katika jangwa la Australia Kusini, na eneo lile akaliita moyo mfu wa Australia. Jina likanata. Wageni wengi wa ziwa lile wamefanya kama yeye: wamelikuta katika mwaka mmoja, wakadhani ndivyo lilivyo siku zote.

Wa kwanza alikuwa Edward John Eyre mwenyewe, mwaka 1840. Alifika ukingoni akakuta chumvi na tope, akaamini amezingirwa na ziwa moja kubwa lenye umbo la kiatu cha farasi, akageuza njia. (Huyu ndiye Eyre ambaye mwaka 1865, akiwa gavana wa Jamaika, alizima uasi wa Morant Bay kwa kuua mamia ya watu. Sifa za mvumbuzi hazikumsaidia sana baada ya hapo.) Miaka minne baada ya Eyre kugeuka, mvumbuzi mwingine, Charles Sturt, aliingia jangwani akikokota mashua, kwa tumaini la kukuta bahari katikati ya bara. Mashua ikaachwa huko huko.

Ukweli ni kwamba maji ya ziwa hayatoki pale. Mvua ya mahali hapo ni takribani milimita 125 kwa mwaka, nalo jua lina uwezo wa kukausha zaidi ya mita mbili za maji kwa mwaka. Lakini ziwa liko mita 15 chini ya usawa wa bahari, na karibu moja ya sita ya Australia humwaga maji kuelekea huko. Mvua kubwa ikinyesha katika jimbo la Queensland, mito kama Diamantina na Cooper huyaburuta maji kwa wiki au miezi, kilomita mia kadhaa, na mengi hupotea njiani. Yakifika, samaki huzaliana na mwari hutua kwa maelfu. Yakikauka, hubaki ukoko wa chumvi.

Mwanajiolojia Cecil Madigan aliruka juu ya ziwa kwa ndege mwaka 1929, kisha akarudi kwa nchi kavu akatembea juu ya chumvi. Akahitimisha kwamba ziwa halijai tena. Alifariki mwaka 1947. Mwaka 1949 maji yakaanza kuja, na 1950 ziwa likajaa.

Dereva Donald Campbell naye alilichagua kwa ugumu na utambarare wake ili avunje rekodi ya mwendo wa gari. Alipofika mwaka 1963 mvua ikanyesha, uwanja wake ukageuka maji. Alirudi 1964, na Julai 17, juu ya chumvi iliyokuwa bado na unyevu, gari lake, Bluebird, likafikia kilomita 648 kwa saa. Muongo mmoja baadaye, mwaka 1974, yalikuja mafuriko makubwa kuliko yote yaliyorekodiwa hapo. Kina kilikaribia mita sita.

Waarabana, wenye nchi, hawakuhitaji rekodi hizo kujua kwamba ziwa hujaa na kukauka. Mwaka 2012 mahakama ilitambua haki yao juu ya ardhi ile pamoja na ziwa, na mwaka huo huo jina rasmi likawa Kati Thanda–Ziwa Eyre. Kwao ni mahali patakatifu, wala hawapendi kuona watu wakitembea juu ya chumvi yake. Mvua za Queensland za Machi 2025 zilipolijaza tena, wageni walimiminika Marree, mji mdogo ambako Waislamu waendesha ngamia wa karne ya 19 walijenga msikiti wa udongo. Kukanyaga kitanda cha ziwa sasa kunahitaji kibali, hivyo wengi hupanda ndege ndogo hapo Marree au William Creek na kulitazama kutoka juu.