Fahamu: Kwa nini chumba cha Kijapani huachwa kitupu?

Ukiingia kwenye chumba cha asili cha Kijapani, unaweza kudhani wenyewe wamehama. Hakuna kochi, kitanda wala kabati la vyombo. Kumbe humo humo familia inakula, inapokea wageni na kulala.

Siri ni kwamba vitu vinakuja na kuondoka. Usiku hutandikwa magodoro membamba yanayoitwa futoni, asubuhi yanakunjwa na kuhifadhiwa kwenye kabati la ukutani. Meza fupi hutolewa wakati wa kula. Ukiondoa milango ya kuteleza, fusuma, vyumba viwili vinakuwa ukumbi mmoja.

Chini kuna tatami, mikeka minene iliyofunikwa kwa nyasi za igusa. Mmoja una takriban sentimita 90 kwa 180, na ukubwa wa chumba hutajwa kwa idadi ya mikeka: chumba cha mikeka sita, cha minane. Viatu huishia mlangoni.

Mambo matatu ya kujua

1. Ma. Ni nafasi iliyo wazi kati ya vitu. Kwa Wajapani, hilo si pengo la kujazwa, ni sehemu ya chumba. Ndiyo maana tokonoma, shubaka la mapambo, huwekwa picha moja ya kuning'iniza na maua machache, basi.

2. Wabi-sabi. Ni uzuri wa kitu cha kawaida kilichoguswa na umri. Chumba cha chai cha Tai-an, karibu na Kyoto, kinachohusishwa na bingwa wa chai wa karne ya 16, Sen no Rikyu, kina kuta za udongo na eneo la mikeka miwili tu. Leo ni hazina ya taifa.

3. Kivuli. Shoji, milango ya fremu za mbao na karatasi, hupunguza ukali wa jua. Miaka ya 1930 mwandishi Junichiro Tanizaki alitetea mwanga huo hafifu, akihofia taa za umeme zingeumaliza.

Hatarini

Nyumba nyingi mpya Japani sasa zina sakafu ya mbao na vitanda. Chumba cha tatami kinabaki kimoja, au hakipo kabisa. Mwaka 2020 UNESCO iliingiza ujuzi wa ujenzi wa mbao wa Kijapani, ukiwemo utengenezaji wa tatami, kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Heshima imepatikana, lakini fundi wa mikeka anaishi kwa oda, na oda zinazidi kupungua.